Swali likirudi tupu: niliyojifunza kwenye grafu ya daladala

Wewe unayeanza kuuliza kanzidata ya grafu (ile inayohifadhi vitu pamoja na miunganiko kati yake), jiandae kwa jambo moja: makosa mengi huku hayapigi kelele. Unajibiwa kwa orodha tupu, basi.

Mimi nilijifunzia vituo vya daladala vya Dar. Kila kituo ni kipeo, na panapopita gari kati ya vituo viwili pana kiungo, nikakiita njia. Mwenge kwenda Ubungo, Ubungo kwenda Buguruni, Buguruni kwenda Tazara, Tazara kwenda Gongo la Mboto. Lugha ya kuulizia ni Gremlin. Nikauliza kama Buguruni imeungana na Ubungo:

g.V().has('kituo','jina','Buguruni').out('njia').has('jina','Ubungo')

Kimya. Nikapakia data upya mara mbili, nikaanza na kuishuku seva. Kumbe kila kiungo kina mwelekeo kama mshale, na huu niliuchora kutoka Ubungo kwenda Buguruni, na out hufuata mshale tu. Konda anajua gari litarudi. Mashine haijui mpaka uiambie. Kurudi kinyume cha mshale ni in (kwenye Python andika in_, maana in tayari ina mwenyewe), na both hutazama pande zote mbili.

Halafu kuna swali ninaloandika karibu kila siku: nipe kiungo chenyewe kilicho kati ya hivi viwili. Hapo out haifai, kwa sababu inakurusha moja kwa moja hadi kituo cha pili, na dakika za safari ulizoziandika juu ya kiungo unazipita bila kuziona. Fanya hivi:

g.V().has('kituo','jina','Buguruni').bothE('njia').where(otherV().has('jina','Ubungo')).values('dakika')

bothE inakusimamisha juu ya kiungo. otherV ni ncha ya pili, siyo ile uliyotokea, kwa hiyo huna haja ya kukumbuka mshale ulielekea wapi.

Vituo vikiwa mbali, unarudiarudia hatua:

g.V().has('kituo','jina','Mwenge').repeat(both('njia').simplePath()).until(has('jina','Gongo la Mboto')).limit(1).path().by('jina')

Hiyo simplePath usiiache. Siku moja niliiacha nikaulizia Mbagala, kituo nilichokiingiza bila kukifungia kiungo chochote. Swali likawa linatoka Mwenge, Ubungo, Mwenge, Ubungo, feni ya kompyuta inalia, mpaka nikalizima mwenyewe. simplePath inakataa kurudia kipeo kilichokwisha kupitwa, kwa hiyo njia zikiisha, swali nalo linaisha.

Mifano yote hii ni ya kwenye konsoli, dirisha la kuandikia maswali moja kwa moja. Ndani ya programu, otherV na wenzake walio katikati ya mabano kwa kawaida hutanguliwa na __. mbele yao. Na konsoli ina ukarimu mmoja unaowaponza wageni: inakutekelezea swali papo hapo. Programu haifanyi hivyo. Mnyororo wako ni maelezo tu hadi umalizie na toList() au next(), na ukiwa unaandika data, iterate(). Niliwahi kuendesha skripti ya kuongeza vipeo, ikamaliza salama salama, nikafungua grafu nikakuta haina kitu.

Kati ya hizo, next() kwa kawaida hurusha kosa ikikuta hakuna jibu. Kwa maswali ya "je, vimeungana?", ambako hapana nayo ni jibu, mimi hutumia toList() kisha nahesabu.