Mzigo na Furushi: Namna ya Kumtwika Bwana Yanayokulemea Moyoni

Mtu akilemewa moyoni hupiga magoti, akasema, "Bwana, nakukabidhi yote." Anainuka, anafuta machozi, na kabla hajafika nyumbani ameshaanza kuyatafuna tena yaleyale. Akirudia hivyo mwezi mzima huanza kudhani imani yake ni haba, na hapo anakuwa amejiongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa kawaida imani anayo. Kilichokosekana ni kwamba hakukabidhi kitu. "Yote" haishikiki, na mzigo usioushika huwezi kuutua.

Petro anaposema "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote" (1 Petro 5:7), anatumia neno la Kigiriki linaloonekana mara mbili tu katika Agano Jipya. Mahali pengine ni Luka 19:35, pale wanafunzi wanapoyatupa mavazi yao juu ya mwana-punda ili Yesu apande. Vazi lilikuwa mwilini mwa mtu, sasa liko mgongoni mwa mnyama, na mwenyewe anatembea bila hilo. Tena maneno hayo ni mwendelezo wa mstari wa 6, "nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari." Kutwika ni sehemu ya kunyenyekea, ni kukiri kwamba jambo hili limenizidi kimo. Anayetaka kutua mzigo huku akilinda sura ya kwamba yeye hatikisiki atahangaika sana.

Tenga mzigo na furushi

Wagalatia 6:2 inasema "mchukuliane mizigo." Mistari mitatu mbele, 6:5, inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Paulo hakujipinga. Katika Kigiriki ni maneno mawili tofauti, na Biblia yetu ya Kiswahili imeitunza tofauti hiyo vizuri: mzigo ni ule uzito unaomlaza mtu chini, furushi ni kile ambacho kila msafiri hubeba mwenyewe.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika "mzigo", kulia andika "furushi". Tuseme kinachokulemea ni kwamba mwanao mtu mzima ameacha kuongea nawe. Kushoto kunaingia moyo wake, lini atalainika, wanayomwambia marafiki zake, na miaka iliyokwisha kupita. Kulia kunaingia yale maneno makali uliyomwambia, radhi ambayo hujaomba, na ujumbe mfupi usio na lawama ambao unaweza kuuandika leo. Andika sentensi kamili. "Familia" peke yake haitoshi; "naogopa nitakufa kabla hatujapatana" inatosha.

Watu hukosea hapa kwa pande zote mbili. Wapo wanaoombea furushi: mtu ana deni, kila usiku anamsihi Mungu amwondolee wasiwasi, lakini hajawahi kuketi na anayemdai wakapanga namna ya kulipa. Amani haitakaa, kwa sababu ule wasiwasi unamkumbusha wajibu wa kweli. Wengine, na nadhani ndio wengi zaidi, wameubeba mzigo wakidhani ni furushi. Wanajaribu kuugeuza moyo wa mtu mwingine kwa kutolala usiku.

Jambo moja la kutunza akilini: Yesu anaposema "mzigo wangu ni mwepesi" (Mathayo 11:30), neno la Kigiriki ni lile lile la furushi. Hakuahidi mikono mitupu. Ukishatua, utabaki na vitu vitatu vinne vya kufanya, vinavyobebeka.

Kikao chenyewe

Tenga dakika 25, na uweke saa mbele yako. Usikae kitandani, kwa sababu utasinzia, au utakizoesha kitanda kuwa mahali pa kuwaza. Usikae na njaa wala ukiwa hujalala siku mbili. Nabii Eliya alipofika mahali pa kuiombea roho yake kifo chini ya mti uitwao mretemu (1 Wafalme 19), Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamlisha, akalala tena, akalishwa mara ya pili, ndipo safari ya kwenda Horebu ikaendelea. Mchovu ale kwanza, alale, kikao kisubiri kesho.

Chukua jambo moja tu kutoka upande wa kushoto, kisha ufuate mwendo wa Zaburi ya 13. Ina mistari sita, na imegawanyika wazi: mistari miwili ya kulalamika, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini.

Kulalamika kupewe dakika 10, na hapa ndipo pa kukaza mkono. Katika mistari miwili tu Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Anamwambia Mungu waziwazi kwamba amemsahau. Wewe nawe sema lililotokea kama lilivyotokea, kwa sauti inayosikika na masikio yako mwenyewe, bila kulipaka rangi ya kidini: "Bwana, nilimwamini ndugu yangu, akauza shamba la baba kisirisiri. Nina hasira. Naona aibu kwamba kila mtu alijua isipokuwa mimi. Na sikuelewi ulivyonyamaza." Sema kilichotendeka, sema unachohisi, sema unachomlaumu Mungu nacho. Wengi hulikwepa hili la tatu wakiogopa kukufuru, na ndilo linalobaki limekwama kooni. Ikiwa maneno yako mwenyewe hayaji, soma Zaburi 88, ambayo inaanza na kilio na kuishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Haikuondolewa katika Biblia.

Kuomba kupewe dakika 5. Ombi liwe moja na lijulikane. "Nisaidie" ni pana mno. "Nipe kulala usiku wa leo bila kuurudia ule mjadala" ni ombi ambalo asubuhi utajua limejibiwa au la.

Sehemu ya tatu, kutumaini, inaanza kwa kukabidhi. Mfalme Hezekia alipopokea barua ya vitisho kutoka Ashuru, aliisoma, akapanda hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana (2 Wafalme 19:14). Fanya kama yeye. Iweke karatasi mezani au sakafuni, soma sentensi moja ya upande wa kushoto, ondoa mikono, useme: "Hili ni lako. Mimi nimebaki na haya ya kulia." Tendo la mwili linasaidia, kwa sababu baadaye, mawazo yatakapokudai useme ulikabidhi lini, unayo saa na mahali pa kutaja.

Dakika zinazobaki ni za shukrani na kimya. Wafilipi 4:6 inataka kusali na kuomba "pamoja na kushukuru", na Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni. Haidai umshukuru Mungu kwa uovu uliotendewa. Taja mambo mawili madogo ya kweli ya siku hiyo, kisha unyamaze.

Kinachoharibu kikao mara nyingi ni kuruka malalamiko na kukimbilia tumaini. Hisia isiyosemwa haijaondoka, imefunikwa tu. Kosa linalofuata ni kufanya wasiwasi uvae nguo za maombi: "Bwana, unajua akifanya hivi itakuwa vile, na ikiwa vile watoto watateseka, na wakiteseka…" Hayo ni mawazo yaleyale yenye "Amina" mwishoni. Dalili yake ni kwamba unamaliza ukiwa na mabega yaliyokaza kuliko ulivyoanza. Ukiligundua, katisha, rudi kwenye sentensi moja ya kwenye karatasi.

Hatia na kinyongo

Hofu hutuliwa vizuri kwa kikao hicho. Hatia ina njia yake. Kwanza pima kama ni ya kweli. Roho Mtakatifu anapomwonya mtu hutaja tendo: ulisema uongo huu, kwa mtu huyu, siku hii. Mashtaka yasiyo na jina wala tarehe, yale ya "wewe ni mtu mbaya tu", hayana pa kutubia na hayakuleti kwa Mungu, yakatae. Hatia ya kweli inaungamwa kwa jina lake, na ahadi ya 1 Yohana 1:9 ni kwamba Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Baada ya hapo kuna kurekebisha. Zakayo hakuishia kusikitika, alitaja kiwango: kumrudishia mara nne kila mtu ambaye yeye alimdhulumu (Luka 19:8). Aliyesamehewa lakini bado ana mali ya mtu ndani ya nyumba hataipata raha, na hapaswi kuipata.

Kinyongo ndicho kizito zaidi, kwa sababu kina haki ndani yake. Ulidhulumiwa kweli. Kusamehe si kusema hakikuwa kitu. Kama hakikuwa kitu, hakuna cha kusamehe. Kusamehe ni kuiondoa kesi mikononi mwako na kuifikisha mahakama ya juu zaidi, kama Warumi 12:19 inavyosema kisasi ni cha Bwana. Kwa hiyo andika deni lenyewe kwanza: alinichukulia nini? Fedha? Miaka? Jina langu mbele za watu? Huwezi kufuta deni usilolijua kiasi. Kisha sema mbele za Mungu kwamba huyu hadaiwi tena na mimi, na utaje kila kimoja.

Msamaha wataka mtu mmoja, upatanisho wataka wawili. Yusufu hakujitambulisha kwa ndugu zake siku ya kwanza walipofika Misri. Aliwapima kwanza aone kama wamebadilika (Mwanzo 42 hadi 45). Usiharakishe kupiga simu kumwambia mtu "nimekusamehe" ikiwa yeye hajakiri lolote. Utaanzisha ugomvi mpya. Na aliyekuwa akipigwa au kudhalilishwa anaweza kusamehe kabisa akiwa mbali, mlango umefungwa, na jambo limefika kwa wenye mamlaka. Anayemwambia "ukisamehe utarudi" anamtwika mzigo ambao Kristo hakumtwika.

Huzuni ya msiba isitiwe kwenye karatasi hii. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro na bado akalia machozi. Israeli walimlilia Musa siku 30. Paulo akiwaandikia Wathesalonike hakukataza kuhuzunika. Alikataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Aliyefiwa aachwe alie, na wanaomzunguka waache kumwuliza kama ameshaupokea msiba.

Mzigo unaporudi

Utarudi, mara nyingi usiku, na pengine usiku uleule. Kurudi kwake hakumaanishi kwamba kikao kilishindwa; akili imezoea kupita njia hiyo kwa muda mrefu. Usiwashe upya mjadala wala usianze maombi marefu gizani. Sema sentensi moja, ileile kila mara: "Hili nilikukabidhi Jumanne jioni, liko kwako." Pumua taratibu mara tano, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Likiwa ni jambo jipya la upande wa kulia, liandike kwa neno moja na ulale. Ikipita kama nusu saa bila usingizi, ondoka kitandani, keti kwenye mwanga hafifu mpaka usingizi urudi.

Kuna mizigo isiyotuliwa na mtu mmoja. Yakobo 5:16 inasema ungameni ninyi kwa ninyi na kuombeana, mpate kuponywa. Tafuta mtu mmoja, si kikundi. Kipimo chake ni rahisi: je, amewahi kukusimulia siri ya mtu mwingine "ili tumwombee"? Kama ndiyo, yako nayo itasafiri. Mwambie mapema unachotaka: "Nisikilize dakika ishirini, kisha uniombee, ushauri tuuache leo." Bila hilo utapewa mistari mitatu ya Biblia kabla hujamaliza sentensi ya pili.

Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo uko chini, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, na vitu ulivyovipenda havina ladha, nenda kwa daktari huku ukiendelea kuomba. Luka anaitwa tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14), naye alisafiri na mtume Paulo. Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu umeombewa, mpaka aliyekuandikia akuambie. Mawazo ya kujiua hayasubiri wiki mbili: leo hii mwambie mtu aliye karibu, asikuache peke yako, mwende hospitali.

Karatasi yako ikunje uiweke ndani ya Biblia, penye Zaburi 13, ukiwa umeandika tarehe. Baada ya siku 30 ifungue. Usianze na kutafuta kama hali imebadilika. Hana, aliyemlilia Mungu ampe mtoto, alimimina roho yake mbele za Bwana, akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena (1 Samweli 1:18), wakati mimba ya Samweli haijatungwa. Soma kila sentensi ya kushoto kwa sauti na usikilize mwili: koo linabana? Zile unazozitaja bila kubanwa, zipigie mstari. Zile ambazo bado zinakubana, andika tarehe mpya pembeni uketi nazo tena. Hata Paulo, kuhusu ule mwiba uliomtesa mwilini (2 Wakorintho 12:8), alimsihi Bwana mara tatu.