Muulize Fundi: Gemu ya dagaa na laptopu ya mtumba

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Nansio, Ukerewe. Nataka kutengeneza gemu ya kuvua dagaa: usiku, mtumbwi, karabai, na wavu unaotakiwa kuvutwa kabla hakujapambazuka. Laptopu yangu ni ya mtumba, Core i3 ya 2011, chipu ya picha Intel HD 3000, RAM GB 4, Windows 7. Nimejaribu Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, imegoma kufunguka, inadai OpenGL 3.3. Rafiki yangu aliyeko chuo huko Mwanza ananiambia nitumie Unity, nayo ya kutengenezea gemu. Mwingine anasema programa wa kweli anaandika kila kitu mwenyewe kwa lugha ya C++. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hao rafiki zako wote wawili wamesahau kukuuliza jambo moja: gemu hiyo ataicheza nani? Nadhani ni vijana wenzako wa hapo kisiwani, na laptopu zao ni ndugu za hiyo yako. Basi usiione mashine yako kama mkosi. Gemu ikitembea vizuri hapo, itatembea kwao.

Laptopu haijaharibika, na Godot 4 haina kosa. OpenGL ndiyo njia ambayo programu huiagiza chipu ya picha ichore. HD 3000 kwenye Windows inaishia toleo la 3.1, wakati Godot 4 inaanzia 3.3 hata ukichagua namna yake nyepesi ya kuchora. Umeleta meli kwenye mwalo wa mitumbwi, maji hayatoshi. Unity ni kubwa zaidi. Hesabu GB kadhaa za bando kabla hujachora hata samaki mmoja. Tena mwaka 2023 wenyewe walitangaza ada ya kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakapiga kelele, ikafutwa 2024. Kwa gemu yako ada hiyo isingekugusa, lakini mimi tangu hapo huwa nasoma leseni kwanza.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekupa LÖVE, toleo la 11, zana ya kutengenezea gemu kwa kuandika. Ni ya bure, kuipakua ni MB chache tu, na inaridhika na OpenGL 2.1. Ni ya gemu bapa, zisizo na kina cha 3D, na mtumbwi ukiangaliwa kwa juu hauhitaji zaidi ya hapo. Balatro, ile gemu ya karata iliyovuma 2024, imetengenezwa kwa hiyohiyo. Utaandika kwa Lua, lugha iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993. Kwa Kireno jina hilo maana yake ni mwezi. Najua wavuvi wa dagaa hawataki mbalamwezi, inawaharibia taa, ila mwezi huu usiukimbie. Kama unapenda kupanga vitu kwa mausi badala ya kuandika, chukua Godot 3 na uchague GLES2, namna yake ya kuchora inayofaa mashine za zamani. Nayo itafunguka kwako.

Sasa sikia lililonikuta, maana hukuliuliza na ndilo litakalokusumbua. Mwaka 2017 niliandika kigemu cha daladala kwa C++, nikajisifu sana. Nikatia faili moja la .exe, lile unalobofya programu ifunguke, kwenye flashi, nikaenda nalo Kirumba kwa jamaa mmoja mwenye banda la gemu aliyetaka kulinunua. Nikabofya mbele ya watoto kama kumi. Kikatokea kidirisha: MSVCP140.dll haipo. Nikabofya tena, kana kwamba kompyuta haikusikia. Watoto wakacheka, jamaa akarudi kwenye mpira wake.

Lile faili ni la maktaba ya C++, yaani kazi zilizokwisha andikwa ambazo programu inaziita inapoanza kufanya kazi. Kwangu lilikuwepo kwa sababu lilikuja pamoja na zana nilizoandikia, kwa hiyo sikuwahi kujua kuwa nalitegemea. Kompyuta ya banda haikuwa nalo, na bando la kulipakua halikuwepo.

Kwa hiyo ukimaliza, usitume .exe peke yake. Kusanya kazi yako kwenye zipu, ibadili jina iwe dagaa.love, kisha kwenye dirisha la amri la Windows andika: copy /b love.exe+dagaa.love dagaa.exe. Halafu weka dagaa.exe kwenye folda moja na mafaili yote ya .dll yaliyokuja na LÖVE, pamoja na leseni yake. Utayaona humo lua51.dll, OpenAL32.dll ya sauti, msvcp120.dll (shangazi yake yule aliyeniaibisha), na SDL2.dll. Hiyo ya mwisho mwonyeshe rafiki yako wa C++. SDL ilianzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998, na ndiyo inayofungua dirisha na kusoma kibodi. Wengi wa hao wanaojiita waandishi wa kila kitu nao wameegemea hapohapo.

Jingine dogo: mtumbwi usiusogeze kwa hatua moja kila picha inapochorwa. Zidisha kasi kwa dt, yaani sekunde zilizopita tangu mzunguko uliotangulia, unayopewa ndani ya love.update, sehemu ambayo LÖVE huiita kila mzunguko, la sivyo kwenye kompyuta ya tajiri mvuvi wako atafika Musoma kabla wavu haujazama.

Folda ikikamilika, itie kwenye flashi uijaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuandikiwa programu, ya mwenye steshenari kwa mfano. Ikifunguka, njoo nayo. Ukishuka meli, panda daladala mpaka Mabatini uulizie fundi kompyuta. Hata wauza mahindi watakuleta.