Punda, mkokoteni na kanuni ya tatu: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Huku Kongwa hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama yale mafuta ya alizeti yalifika salama, maana kondakta wa basi hakumridhisha hata kidogo.

Nimeusoma ujumbe wako kuhusu swali la mjukuu wangu wa kidato cha pili. Kasoma kanuni ya tatu ya Newton, kwamba punda akiuvuta mkokoteni mbele, mkokoteni nao unamvuta punda nyuma kwa kani ileile. Akauliza: kama ni sawa kwa sawa, si zinafutana? Mbona basi mkokoteni unaondoka? Nawe ukamjibu kwamba lazima punda anavuta kidogo zaidi. Akakukatalia. Mtoto yuko sahihi, baba, na usimnyamazishe. Katika miaka yangu ya kufundisha fizikia, aliyeniuliza swali hilo nilijua anasikiliza; wengine walinakili kanuni daftarini wakasubiri kengele.

Tena ni swali lenye ukoo mkubwa. Newton mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alipoieleza kanuni ya tatu alitaja farasi anayevuta jiwe kwa kamba, akasema farasi naye anavutwa kuelekea kwenye jiwe kwa kiasi hichohicho. Hakusema farasi anazidi kidogo. Kwa hiyo jibu lako la "punda anavuta zaidi" lifute kabisa. Awe anaanza kuondoka, awe anakimbia, awe amekwama kwenye tope, kani hizo mbili zinalingana kila wakati.

Tatizo liko kwenye hilo la kufutana. Kani mbili zinafutana pale tu zinapokishika kitu kimoja. Hizi zinashika vitu viwili: moja iko juu ya mkokoteni, nyingine iko juu ya punda. Mshahara ulioingia kwenye akaunti ya jirani yako haufuti deni lako, hata kama tarakimu ni zilezile. Ukitaka kujua kwa nini mkokoteni unaondoka, uchoree duara peke yake, kisha uhesabu kani zinazoushika huo tu. Anachovutwa punda hakikuhusu hapo.

Chukua mkokoteni wa maji kama hawa wanaopita hapa nyumbani kila asubuhi. Tuseme wenyewe una kilo 100, juu yake kuna madumu kumi ya lita ishirini, jumla kilo 300. Punda tumpe kilo 150. Kwenye barabara ngumu, magurudumu yanayozunguka vizuri yatazuia kwa nyutoni 60 hivi (nyutoni ni kipimo cha kani). Punda anavuta kwa nyutoni 150. Basi mkokoteni unabakiwa na nyutoni 90 za kwenda mbele. Gawanya kwa tungamo la kilo 300, unapata mchapuko wa 0.3, yaani kila sekunde mwendokasi unaongezeka kwa mita 0.3 kwa sekunde. Baada ya sekunde tatu umefika mita 0.9 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Sasa mgeukie punda, naye umchoree duara lake. Mkokoteni unamvuta nyuma kwa nyutoni 150, zilezile. Lakini anaondoka pamoja na mkokoteni, kwa mchapuko uleule wa 0.3, na kwa tungamo lake hilo linahitaji nyutoni 45 za ziada kuelekea mbele. Kwa hiyo kuna kitu kinachomsukuma mbele kwa nyutoni 195. Ni nini hicho? Hapo mwache mtoto afikiri kabla hujamwambia.

Ni ardhi. Punda anaisukuma ardhi nyuma kwa kwato, na ardhi, kwa kanuni ileile ya tatu iliyomsumbua mtoto, inamsukuma yeye mbele. Misuli ya punda, hata iwe na nguvu namna gani, haiwezi kumsogeza bila kitu cha nje cha kukanyagia. Akitaka kuhakiki, awachukue punda na mkokoteni kama kitu kimoja cha kilo 450: mbele kuna 195 za ardhi, nyuma kuna 60 za magurudumu, zinabaki 135. Gawanya kwa 450, ni 0.3 ileile. Mivutano ya 150 haionekani tena kwenye hesabu, kwa sababu sasa yote miwili iko ndani ya duara moja. Hapo ndipo zinapofutana kweli.

Utaona basi kwamba msuguano, ambao vitabu vingi vya shule vinautaja kama mzuiaji tu, ndio unaompeleka punda. Bila msuguano chini ya kwato haendi popote. Njoo huku masika uone: njia ya kisimani ikilowa, magurudumu yanazama na kizuizi kinapanda mara nyingi zaidi, wakati huohuo kwato zinateleza. Mwenye punda anachapa fimbo, na mimi humwambia kila mara kwamba fimbo haiongezi msuguano. Apunguze madumu, au amwage changarawe pale kwato zinapokanyaga. Hawa vijana wa mikokoteni, hata wasiokwenda shule, wanajua jambo jingine: mkokoteni wa magurudumu mawili ukipangwa mzigo mwingi nyuma, miti ya mbele inanyanyuka na kumnyanyua punda kidogo, kwato zikapoteza mshiko. Ukiusogeza mzigo mbele kiasi, anakanyaga vizuri. Ukizidisha, unamwumiza mgongo.

Kuna sehemu moja ambayo najua itawakwamisha wote wawili. Mwendo ukishafika ule wa kutosha, punda halazimiki kuendelea na zile 150. Anashuka hadi 60, sawasawa na kizuizi cha magurudumu. Jumla ya kani kwenye mkokoteni ni sifuri, na bado unakwenda! Kichwa kinakataa, na si kichwa chako tu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu hakiendelei kwenda bila kusukumwa, na watu walimwamini karne nyingi hadi wanasayansi akina Galileo walipolipinga wazo hilo. Kani haihitajiki ili kitu kiendelee. Inahitajika ili mwendo wake ubadilike. Mkokoteni uliopaki chini ya mwarobaini una jumla ya sifuri, na ule unaokwenda kwa mwendo usiobadilika nao una sifuri. Tofauti yao ni historia: huu unaokwenda uliwahi kubakiwa na nyutoni 90 kwa sekunde tatu, ule wa chini ya mwarobaini haukuwahi.

Mpe mjukuu wangu swali moja kutoka kwa babu yake, alifanye bila simu. Mkokoteni uko kwenye mwendo huo wa mita 0.9 kwa sekunde, barabara ni tambarare, ghafla mikanda inakatika na punda anajiendea zake. Tuchukulie mkokoteni unabaki wima kwa sababu kuna mtu ameishika miti yake bila kuuvuta wala kuusukuma. Utasogea umbali gani kabla ya kusimama? Mimi napata mita mbili na ushee kidogo, katika sekunde nne na nusu. Akipata tofauti, asifute. Apige picha daftari lake anitumie, niione hesabu yote na siyo jibu peke yake.

Na suala la mafuta umjibu mama yako mwenyewe.

Baba yako