Kaka anataka kuuza pikipiki anunue mashine ya kurudi 2020

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi niko Jinja, nina kaka yangu mkubwa ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na maisha yanaenda. Tangu mwezi uliopita kuna kitu ameshika kwenye simu, mashine inauzwa kutoka Marekani, ni boksi lina vitufe vya kuzungusha, sumaku unaweka tumboni na koili unavaa kichwani, eti unarudi mwaka wowote unaotaka. Baba yetu alifariki 2020 wakati wa lokdauni, kaka alikuwa Juba na mpaka wa Elegu umefungwa kwa abiria, hakumzika. Sasa anataka kuuza pikipiki anunue hiyo mashine. Nikimwambia ni uongo ananiambia mimi sijasoma fizikia. Nimjibu nini?

JIBU: Dada yangu, pikipiki isiuzwe. Naanza na hilo kabla ya yote kwa sababu pikipiki inaleta posho nyumbani na lile boksi halitaleta kitu.

Maboksi ya namna hiyo yameuzwa Marekani tangu miaka ya 1980, linalojulikana zaidi linaitwa Hyper Dimensional Resonator. Unazungusha vitufe huku unasugua kibao kidogo kwa kidole mpaka uhisi kidole kinanata, hapo ndo unaambiwa umepata namba ya mwaka wako. Miaka yote hiyo hajatokea mtu hata mmoja aliyerudi na kitu cha kuonyesha watu.

Na ukoo wa hivyo vitufe ni wa zamani kuliko hapo. Kulikuwa na daktari San Francisco anaitwa Albert Abrams, alifariki 1924, alikuwa anasema mashine zake zinasoma ugonjwa kwenye tone la damu hata mgonjwa akiwa mbali. Basi kuna watu wakamtumia damu ya jogoo bila kumwambia, jibu likarudi kwamba mgonjwa ana malaria, kansa na kisukari, na magonjwa ya zinaa juu yake! Mashine zenyewe alikuwa anazikodisha kwa madaktari wengine kwa mkataba kwamba hawaruhusiwi kuzifungua, na zilipokuja kufunguliwa watu wakakuta nyaya na vipande vya umeme vimeunganishwa bila mpango wowote. Huo mkataba wa kutofungua ndo unaniuma mimi kuliko hata ya jogoo, kwa sababu hao madaktari walikuwa watu wa shule, na bado walikubali kulipia kitu walichokatazwa kukichungulia.

Kwa hiyo kaka yako asibishane na wewe kuhusu fizikia, yeye ni fundi, amwombe muuzaji picha ya ndani ya boksi. Yeye anajua transfoma, anajua koili, akiona nyaya atajua kabla yako na kabla yangu nini kinafanya kazi na nini kimewekwa pale kwa urembo. Na umkumbushe jambo moja. Mashine yake ya kuchomelea inapitisha ampea mia na zaidi kwenye ile kebo, na umeme ukipita kwenye waya unatengeneza sumaku kuuzunguka, yaani kila siku anafanya kazi mkono wake uko ndani ya sumaku. Pale Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, watu wamechomelea tangu asubuhi mpaka jioni kwa miaka na miaka na jioni wote wanarudi nyumbani siku ileile. Au chukua ile mashine ya MRI ya hospitali, ya kupiga picha ndani ya mwili, nyingi zina sumaku ya tesla 1.5, hiyo ni makumi ya maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia, mgonjwa anaingizwa mwili mzima analala humo nusu saa, anatoka nusu saa imepita, basi. Sasa kisumaku cha kuweka tumboni kifanye nini ambacho hiyo haijafanya?

Muuzaji atakuwa na jibu, wana jibu siku zote. Atasema inategemea imani yako, au roho ndo inasafiri mwili unabaki, au hukutuliza akili vizuri. Akishasema hivyo ujue mashine haiwezi kushindwa tena, ikishindwa kosa ni lako na pesa ni yake.

Kitu kinachofanya watu wenye akili kama kaka yako waingie ni kwamba maneno ya kisayansi yanayotumika mengine ni ya kweli. Umewahi kusimama pale Kayabwe kwenye ikweta, njia ya Masaka? Kijana anakumwagia maji kwenye beseni upande huu yanazunguka hivi, anahama hatua chache upande ule yanazunguka vile, watu wanapiga picha. Nguvu inayosababishwa na dunia kuzunguka ipo kweli, ndiyo inayofanya dhoruba kubwa za kaskazini na za kusini zizunguke kinyume, lakini karibu na ikweta inakaribia sifuri na kwa beseni dogo haina uwezo kabisa, maji yanafuata jinsi yule kijana alivyoyamwaga. Ukweli mkubwa umeazimwa kupamba kitu kidogo kisichouhusu. Hilo boksi ni hivyohivyo.

Sasa kaka mwenyewe. Mtu hauzi pikipiki kwa sababu ya vitufe, anauza kwa sababu hakumwaga udongo kwenye kaburi la baba yake. Usimcheke, na usimwite mjinga mbele ya watu. Mwaka ule mazishi yalikuwa ya watu wachache na wengi hawakufanya olumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba, inavyotakiwa, kama na ninyi hamkufanya basi kaeni na wazee wa ukoo mpange, kaka awe mbele, yeye ndo atengeneze chuma cha kuzungushia kaburi kwa mikono yake. Mimi pia kuna mtu sikumzika, najua usiku unavyokuwa mrefu, ningelipa chochote, na ndiyo sababu nakasirika mtu akikaa mahali anauzia watu wenye hali hiyo sumaku na waya.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa S5 (kidato cha tano), Gulu. Mwalimu wetu alisema Einstein alionyesha wakati unaweza kupungua kasi. Sasa mbona unasema hizo mashine ni uongo?

JIBU: Mwalimu wako yuko sawa kabisa na nafurahi umeuliza. Oktoba 1971 wanasayansi Joseph Hafele na Richard Keating walibeba saa 4 za atomiki, zile zenye usahihi mkubwa sana, wakazizungusha dunia nzima kwa ndege za abiria, zilipoenda mashariki zikachelewa kuliko zilizobaki chini kama nanosekunde 59 (nanosekunde ni sekunde ukiigawa mara bilioni), zilipoenda magharibi zikatangulia kama 273, karibu na hesabu za Einstein zilivyosema. Hata GPS ambayo mtu wa boda anatumia kutafuta nyumba ya mteja, saa za zile satelaiti zinatangulia za kwetu kwa kama maikrosekunde 38 (sehemu 38 za milioni za sekunde) kwa siku na zisiporekebishwa ramani itakosea kilomita kama 10 kwa siku moja. Lakini angalia ukubwa wake: Mrusi Sergei Krikalev alikaa angani jumla ya siku 803, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na alichopata ni kama sehemu 1 ya 50 ya sekunde kwenda mbele. Mbele, siyo nyuma. Kwa kurudi nyuma kuna hesabu kwenye karatasi, mtaalamu wa hesabu Kurt Gödel aliandika ya kwake 1949, lakini ilihitaji ulimwengu wote uwe unazunguka, siyo boksi na betri. Mwanafizikia Stephen Hawking alifanya sherehe tarehe 28 Juni 2009, Cambridge, akatoa mialiko baada ya sherehe kuisha ili waje wasafiri wa wakati tu. Alikaa peke yake na vinywaji vyake.

SWALI: Nimeshatuma nusu ya pesa kwa mtu anayesema ni wakala wa hizo mashine Kampala. Sasa anataka ya ushuru wa forodha ndo mzigo utoke.

JIBU: Usitume. Baada ya ushuru itakuja ya stoo, halafu ya dereva, bafere (matapeli) wanafanya hivyo mpaka uishiwe. Piga simu leo hii kwa kampuni ya laini yako uwaambie namba uliyotumia pesa na saa uliyotuma, kama bado haijatolewa wakati mwingine wanaweza kuizuia, halafu nenda polisi na meseji zote bila kufuta hata moja. Na mwambie mtu mmoja nyumbani, usikae nalo peke yako.