Maswali ya Wasomaji: Watafiti Watatu, Kijiji Kimoja

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga huku Rujewa, wilayani Mbarali. Katika misimu miwili iliyopita wamenifikia vijana watatu, na wote walisema wametoka chuo kikuu kimoja. Wa kwanza alipima maji kwenye banio letu. Wa pili alitaka kujua nani ana kibali cha maji na ugomvi wa zamu tunaumalizaje. Wa tatu hakugusa habari za maji hata kidogo. Alikaa na mama yangu mzazi siku mbili akimrekodi hadithi na majina ya mimea na wanyama kwa Kisangu. Majirani wanasema huyo wa tatu alikuja kupoteza muda, na kwamba chuo chenyewe hakijui kinatafuta nini. Je, yote haya ni utafiti? Na kwa nini wasikubaliane kwanza wakaja mara moja?

Jibu: Ndugu mkulima, yote matatu ni utafiti. Kituo cha utafiti wa kilimo kama kile cha Uyole, jijini Mbeya, huanza na zao na maadui wa zao hilo, na kwa hiyo mkulima anayekitembelea anajua atakuta habari za mahindi, maharage au viazi. Chuo kikuu hakina zao moja. Kimegawanyika katika idara, kila idara ina maswali yake, na kila mwanafunzi wa shahada ya umahiri au ya uzamivu hudaiwa atafute jambo ambalo bado halijajibiwa vya kutosha, alijibu kwa njia inayoweza kukaguliwa, kisha asimame mbele ya watahini na kutetea alichokiandika. Kwa utaratibu huo, mto mmoja unaweza kuandikiwa tasnifu kumi ambazo hazifanani hata kidogo.

Mto wenu ndio mfano ulio bora kuliko wowote ninaoufahamu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na katika miaka hiyohiyo nchi ilikuwa ikipata mgawo wa umeme kwa sababu bwawa la Mtera lilikuwa limepungua maji. Mtera ina mitambo ya megawati 80 na Kidatu, iliyo chini yake, megawati 204, hivyo upungufu huo ulisikika hadi Dar es Salaam, na lawama ikateremka moja kwa moja hadi kwenye majaruba ya Usangu, bonde lenu lililo juu ya bwawa. Wataalamu wa maji walipokaa na takwimu za mto, picha ilibadilika. Bwawa hujazwa na maji ya masika, tena si ya Usangu peke yake, kwa kuwa Ruaha Mdogo na Kisigo nao humwaga humo. Maji yanayochepushwa kwenye mabanio wakati wa kiangazi ni machache mno kulijaza au kulikausha bwawa la ukubwa ule. Namna maji yalivyokuwa yakifunguliwa bwawani kwa ajili ya mitambo nayo ilikuwa na sehemu yake katika upungufu. Maji hayohayo machache ya kiangazi, hata hivyo, ndiyo uhai wa Ihefu, ardhi oevu ambayo mto hupitia kabla ya kuingia hifadhini, na kiwango cha Ihefu kikishuka chini ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, hakuna tone linalotoka kuelekea hifadhini. Kwa maneno mengine, mkulima alikuwa akishtakiwa kwa kosa la umeme ambalo kwa sehemu kubwa si lake, huku suala la viboko na samaki wa hifadhini, ambalo linamgusa kweli, likizungumzwa kwa sauti ya chini. Tofauti hiyo isingeonekana kama mtu asingekwenda kupima maji kwenye banio, msimu baada ya msimu, kama alivyofanya kijana wako wa kwanza.

Vipimo vya maji, lakini, havisemi nani afunge banio lake. Hapo ndipo anapoingia yule wa pili, awe wa sheria, wa sosholojia au wa uchumi wa kilimo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka vibali na jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ndiyo inayosimamia. Wakati huohuo, kila mfereji wa Usangu una desturi yake ya zamu ambayo haikuandikwa popote. Pale kibali kilichoandikwa na zamu iliyozoeleka vinapogongana, mtu wa kupima maji hana la kusema, na wewe unajua kuliko mimi ni mara ngapi vinagongana.

Nimkute sasa yule aliyekaa na mama. Kwa heshima kwa majirani zako, nadhani wamemwonea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mwaka 2009 atlasi ya lugha za Tanzania, na kazi ya namna hiyo haikamiliki bila mtu kukaa na wazee na kusikiliza. Tena majina ya wanyama na mimea si pambo. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji, ambaye hakuwamo katika kitabu chochote cha sayansi. Walimfuatilia mpaka wakamwona. Kundi jingine la watafiti likamkuta katika milima ya Udzungwa, habari zikatangazwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata, baada ya vinasaba vyake kuchunguzwa, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, huku jina la kipunji likibaki kuwa sehemu ya jina lake la kisayansi. Utafiti wa Rungwe ulianza na neno moja la lugha ya nyumbani.

Swali lako la mwisho lina haki. Wanafunzi huja mmoja mmoja kwa sababu kila mmoja ana msimamizi wake, fedha zake na tarehe yake ya kukabidhi kazi, na ukweli ni kwamba idara zenyewe mara nyingi hazisomani. Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, waliendesha huko kwenu mradi mmoja uliowaunganisha watu wa umwagiliaji, uchumi na ikolojia. Katika kazi hiyo ulitumika mchezo wa gololi: ubao ulioinamishwa kama bonde la mto, vijiti vidogo vikiwa mabanio, gololi zikiwa maji, na wakulima wa juu na wa chini wameuzunguka ubao mmoja. Aliye juu huteka gololi karibu zote, na aliye chini huona kwa macho yake kwa nini jaruba lake ni kavu. Mimi nauhesabu mchezo ule kuwa miongoni mwa matokeo bora ya utafiti yaliyowahi kupatikana Nyanda za Juu Kusini, ingawa haukai vizuri kwenye rafu ya maktaba.

Swali: Mwaka jana nilijaza dodoso la mwanafunzi mmoja hapa Mafinga na kutia saini. Je, nina haki ya kuona alichoandika? Na ningeweza kukataa?

Jibu: Ungeweza kukataa, na bado unaweza kuomba maelezo yako yaondolewe maadamu kazi haijakamilika, kwa sababu karatasi uliyotia saini ni ya ridhaa, na ridhaa haina maana pasipo nafasi ya kusema hapana. Mtafiti anapaswa kuja na barua ya utambulisho iliyopitia ofisi za serikali za mitaa. Akiwa mgeni kutoka nje ya nchi, anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, na tafiti za afya zina njia yao ya ziada ya kukaguliwa kimaadili.

Kuhusu kusoma, tasnifu ikishapitishwa huwekwa katika maktaba ya chuo, na vyuo vingi sasa huiweka pia kwenye hazina ya kidijitali inayofunguka kwa simu. Tatizo ni lugha. Ukiacha kazi za idara za Kiswahili, karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyetoa majibu kwa Kiswahili au Kihehe anarudishiwa kitabu asichoweza kukisoma. Mwombe mwanafunzi, kabla hujatia saini, aahidi kuleta kurasa mbili za Kiswahili kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Wengine watatimiza.

Swali: Mimi ni mwalimu huku Vwawa. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini vyuo vikuu vya nje vinachimba mifupa Songwe wakati hospitali hazina vifaa, nami nikakosa jibu.

Jibu: Mwalimu, waanzishie kwa majina, watacheka na kusikiliza. Mwaka 2017 mjusi mkubwa wa kale kutoka Songwe aliitwa Shingopana, kwa ajili ya mifupa ya shingo yake, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa alichimbuliwa kando ya mto Mtuka na pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Watafiti wakuu wa mifupa hiyo walihusiana na Chuo Kikuu cha Ohio cha Marekani, lakini majina ni ya Kiswahili kitupu.

Kuhusu hospitali, fedha za mifupa hutolewa na mifuko inayogharimia sayansi ya aina hiyo, na zisipokuja kuchimba Songwe huenda kuchimba kwingine, haziendi wodini. Aidha bonde la ufa la Rukwa lilisomwa pia na watu wa jiolojia wa Oxford na Durham, ambao mwaka 2016, pamoja na kampuni moja ya utafutaji, walitangaza kuwapo kwa gesi ya heliamu, wakieleza kwamba joto la volkano huifungua kutoka katika miamba ya kale sana. Heliamu ndiyo inayopoza mashine kubwa za hospitali za kupiga picha kwa sumaku, jambo ambalo wanafunzi wako huenda wakalipenda.

Waambie pia kwamba wakikuta mfupa uliogeuka jiwe korongoni wasiuchomoe, bali wapige picha, waweke alama mahali hapo na kutoa taarifa kwa ofisi ya kijiji, kwa sababu ukishatolewa katika tabaka lake la mwamba, umri wake ni vigumu sana kuupata tena.