Maswali ya Wasomaji: Rimu za Aloi kwa Gari Dogo

SWALI: Gari langu lina rimu za chuma za inchi 14, zimeandikwa 5½J na ofseti 45. Tairi ni 165/70R14. Nimeona rimu za aloi za inchi 15, 7J, ofseti 35. Muuzaji anasema zitaingia, maana matundu ni manne yale yale, 4x100 (manne kwenye duara la kipenyo cha milimita 100). Nizichukue?

JIBU: Kuingia zitaingia, lakini ziache. Namba ya J ni upana wa rimu kwa inchi: 7J inaizidi 5½J kwa milimita 38, yaani 19 kila upande. Ofseti (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari) ikishuka kutoka 45 hadi 35, rimu nzima inasogea nje milimita 10. Basi ukingo wa nje utatokeza milimita 29 zaidi ya sasa, na wa ndani utaisogelea shokapu kwa milimita 9. Ukiendesha peke yako huenda usisikie kitu. Pakia abiria watatu nyuma, pita kwenye tuta, ndipo tairi litakapokwaruza fenda. Beringi nazo zitachakaa mapema kwa sababu mzigo umehamia nje.

Tafuta 6J yenye ofseti 40: nje inaongezeka milimita 11 tu, ndani moja na kidogo. Ivalishe 185/55R15. Kipenyo cha tairi lako la sasa ni milimita 587 (kuta mbili za 115.5, yaani asilimia 70 ya upana wa 165, jumlisha 355.6 za rimu), na la hilo jipya ni 584.5, kwa hiyo spidomita haitadanganya. 185/60R15 inafika 603, karibu asilimia 3 zaidi, na nafasi ya fenda inazidi kupungua. Usikubali kuvalishiwa 185/55 kwenye 7J. Mwisho wake ni 6½J. Wapo wanaolivuta tairi hivyo kwa ajili ya mwonekano, kisha kila shimo barabarani linapokelewa na ukingo wa rimu.

Kabla ya kulipa, igeuze rimu usome nyuma. Alama za JWL au VIA (za ubora wa rimu za Kijapani) na uzito inaoubeba kwa kilo viwe vimechorwa kwenye aloi yenyewe; stika haitoshi. Chukua uzito wa juu wa ekseli iliyo nzito zaidi, gawa kwa mbili: rimu isibebe chini ya hapo.

SWALI: Tangu nifunge rimu mpya, usukani unatetemeka nikifika kilomita 80 kwa saa. Balansi imefanywa mara mbili. Tatizo nini?

JIBU: Pima tundu la kati. Rimu nyingi za madukani hutobolewa kubwa, mathalani milimita 67.1 au 73.1, zitoshee magari mengi, ilhali habu (kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo) ya Toyota Vitz ni 54.1 na ya Honda Fit ni 56.1. Mashine ya balansi huishika rimu katikati kwa koni, ndiyo maana pale inaonekana safi. Kwenye gari inaning'inia kwa nati peke yake, na ikikaa pembeni kidogo tu inatetema.

Dawa ni ringi za habu zinazojaza nafasi hiyo, nje 67.1 na ndani 54.1 kwa mfano. Sugua kutu ya habu kwa brashi ya waya, vaa ringi, kisha kaza nati kwa kukatiza, gurudumu likiwa bado hewani. Lishushe ndipo umalizie kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari. Magari mengi madogo huchukua nyutoni mita 100 hadi 110. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

SWALI: Nati za zamani zinafaa?

JIBU: Tazama kikalio chake, yaani sehemu inayogusa rimu. Aloi nyingi za dukani zinataka nati ya koni ya nyuzi 60. Nati za rimu za Honda za kiwandani zina kikalio cha mviringo, zitagusa mstari mwembamba tu na kulegea. Hesabu pia mizunguko: uzi wa 12x1.5 (unene milimita 12, hatua ya uzi 1.5) uzunguke angalau mara 8, wa 12x1.25 mara 10. Pungufu ya hapo, weka stadi ndefu zaidi (skrubu za habu zinazoshika nati). Na nati ikianza kugoma mkononi, usiilazimishe kwa spana: huenda rimu ni 4x98.