Swali la lugha: Gayo, "mwenyeji" wa Paulo, alikuwa mzaliwa wa wapi?

SWALI: Msomaji wetu anayeongoza kikundi cha kujifunza Biblia mjini Tanga anaandika: "Tuliposoma Warumi 16:23, 'Gayo, mwenyeji wangu, na wa kanisa lote pia, anawasalimu', mwenzetu mmoja alieleza kwamba Gayo alikuwa mtu wa kwao Paulo, kwa kuwa mwenyeji ni mzaliwa wa mahali. Mwingine alisema kwamba Gayo ndiye aliyempa Paulo malazi. Kisha tukakutana na Gayo tena katika Waraka wa Tatu wa Yohana, akiambiwa kuhusu ndugu waliopita kwake, 'utafanya vizuri ukiwasafirisha kama ipasavyo kwa Mungu'. Sisi tumezoea kusafirisha mizigo. Je, Kiswahili hiki kina kasoro, au ni sisi tusiokielewa?"

JIBU: Mwenzenu wa pili ndiye aliyesema kweli, na Kiswahili cha aya zote mbili hakina kasoro. Hata hivyo, mwenzenu wa kwanza naye hakubuni maana aliyoitaja, kwa sababu neno mwenyeji lina maana mbili zilizo hai, na anayesikia habari kila siku hukutana zaidi na ile ya kwanza, kama inaposemwa kwamba wenyeji wa eneo fulani wamelalamikia ukosefu wa maji. Alichokosa ni kutazama neno linalofuata baada ya mwenyeji, maana hilo ndilo linaloamua.

Likifuatwa na jina la mahali, mwenyeji ni mzaliwa au mkazi wa hapo: mwenyeji wa Pangani, wenyeji wa Lamu. Likifuatwa na jina la mtu, au na kimilikishi kinachosimama badala ya mtu, mwenyeji ni yule aliyempokea mtu huyo. Ndiyo maana tunaposikia kwamba rais aliyezuru nchi fulani alizungumza na "mwenyeji wake", hakuna anayedhani kwamba marais hao wawili walizaliwa kijiji kimoja. Likifuatwa na jina la shughuli, mwenyeji ni aliyeandaa mahali na kupokea waliofika, na ndivyo tulivyosema kwamba mashindano ya soka ya CHAN yaliyochezwa Agosti 2025 yalikuwa na wenyeji watatu, yaani Kenya, Tanzania na Uganda. Sasa rudi kwa Paulo: "mwenyeji wangu" ni mtu pamoja na kimilikishi, na "wa kanisa lote" ni kundi la watu. Hapana jina la mahali katika sentensi hiyo, kwa hiyo maana ya mzaliwa haina pa kushikilia.

Ushahidi wa karibu zaidi uko aya mbili tu juu yake. Katika aya ya 21 Paulo anawataja Lukio, Yasoni na Sosipatro, nao anawaita "jamaa zangu". Hao ndio watu wa kwao, na kama angetaka kusema hivyo juu ya Gayo, neno lilikuwa tayari mkononi mwake. Zaidi ya hayo, Paulo alikuwa mtu wa Tarso katika Kilikia, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba waraka huu aliuandika akiwa Korintho, mnamo mwaka 57 hivi. Gayo wa Korintho anatajwa pia katika 1 Wakorintho 1:14, ambapo Paulo anasema kwamba kati ya Wakorintho aliwabatiza Krispo na Gayo. Kwa lugha yetu ya kila siku, ungesema kwamba Paulo alipokuwa Korintho alifikia kwa Gayo.

Ukitaka kuziona maana mbili za neno hili zikiwa kwa mtu mmoja, fungua Matendo ya Mitume 16:14-15. Lidia, mwanamke aliyeuza rangi ya zambarau, anaitwa "mwenyeji wa Thiatira", yaani asili yake ilikuwa mji huo wa Asia Ndogo. Lakini hapo alipokutana na Paulo na wenzake palikuwa Filipi, katika Makedonia, naye alipokwisha kubatizwa aliwasihi waingie nyumbani mwake wakakae, na mwandishi anaongeza kwamba aliwashurutisha. Basi Lidia alikuwa mwenyeji wa Thiatira kwa asili, akawa mwenyeji wa Paulo kwa ukarimu, na wakati huohuo alikuwa mgeni katika mji aliowapokea watu. Mnasoni anayetajwa katika Matendo 21:16 ni mfano wa namna hiyohiyo: alikuwa mtu wa Kipro, mwanafunzi wa tangu zamani, na Paulo pamoja na wenzake walipelekwa wakakae kwake katika safari yao ya kwenda Yerusalemu. Kuwa mwenyeji wa mtu hakudai uwe umezaliwa unapoishi.

Maana hizi mbili zilitokana na shina moja. Mwenyeji ni mwenye pamoja na mji, na ingawa leo mji hutufanya tufikirie barabara, soko na ofisi za serikali, zamani neno hilo liliweza kutaja hata makazi ya ukoo, kama linavyobaki katika jina la Mijikenda, yaani miji tisa, ambayo ni makaya yao. Mwenye mji ni mtu aliye na makazi, na mtu aliye na makazi ndiye anayeweza kumpa mwingine mahali pa kulala. Kwa sababu hiyo silabi ya mwisho ya neno hili haihusiani na kiambishi cha mchezaji au msomaji, na si sahihi kutafuta kitenzi ambacho mwenyeji angekuwa mtendaji wake. Methali ya wahenga imeitunza maana hii vizuri kuliko kamusi: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hakuna Mswahili anayeisikia methali hiyo akadhani kwamba anayepona ni mzaliwa wa mahali.

Watu wa pwani yetu walikuwa na sababu ya kuwa na neno la namna hii. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, anasimulia kwamba jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji waliliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua chakula katika chombo kilichofunikwa, naye akampa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara hakulala ila katika nyumba ya huyo aliyempokea, na mwenye nyumba ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia, hata biashara iliyofanywa pasipo yeye kuwapo ilihesabiwa kuwa si halali. Ibn Battuta aliandika kwa Kiarabu, lakini uhusiano anaoueleza ndio tunaoutaja tunaposema "mwenyeji wangu": mtu anayekulaza, anayekulisha, na anayebeba dhamana yako mbele ya watu wasiokujua.

Wafasiri walifanya kazi yenye uangalifu hapa kuliko wengi wanavyojua. Neno la Kigiriki alilolitumia Paulo kwa Gayo ni xenos, na maana yake ya kawaida ni mgeni. Ndilo hilo linalosomwa katika Mathayo 25:35, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha". Kigiriki kiliweza kulitumia neno moja kwa pande zote mbili za ukarimu, anayefika na anayepokea, ilhali Kiswahili kinaziweka pande hizo zikitazamana, mgeni huku na mwenyeji kule. Mfasiri ambaye angefuata maana iliyozoeleka bila kufikiri angetuandikia "Gayo, mgeni wangu", na habari yote ingegeuka juu chini. Hata maneno mengine yaliyokuwa karibu yasingefaa. "Mwenye nyumba wangu" yangemfanya msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa amwone Gayo akidai kodi mwisho wa mwezi. "Mkaribishaji wangu" yangemfanya asimame mlangoni kwa dakika chache, kwa kuwa mkaribishaji hutajwa kwa tendo la kukaribisha tu, lakini mwenyeji anabaki mwenyeji wako mpaka siku unayoondoka, na kwa wengi hata baada ya hapo.

Kuhusu "wa kanisa lote pia", wako wanaoeleza kwamba kanisa la Korintho lilikutana nyumbani mwa Gayo, na wako wanaosema kwamba alimpokea kila muumini aliyepita mjini humo. Kiswahili kinabeba maelezo yote mawili, kama Kigiriki kinavyoyabeba. Mimi naegemea la kwanza, kwa sababu waumini wa wakati huo hawakuwa na majengo ya ibada na walikusanyika katika nyumba za watu, na mwenye nyumba iliyotosha kanisa lote alistahili kutajwa.

Kabla ya kuja kwa kitenzi kusafirisha, ni lazima niwatenganishe akina Gayo. Hilo lilikuwa jina la kawaida mno miongoni mwa Warumi. Agano Jipya lina Gayo wa Makedonia katika Matendo 19:29, Gayo wa Derbe katika Matendo 20:4, huyu wa Korintho, na yule anayeandikiwa Waraka wa Tatu wa Yohana, na hakuna aya inayomuunganisha huyu wa mwisho na mwenyeji wa Paulo. Kikundi chenu kisiwafanye mtu mmoja kwa sababu tu wote wawili walipokea wageni.

Waraka wa Tatu wa Yohana ndio mfupi kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya ukihesabu maneno ya Kigiriki. Mwandishi, anayejiita Mzee, anamsifu Gayo kwa yale aliyowatendea ndugu, "na hao wageni nao". Ndugu hao walitoka kwa ajili ya Jina, wala hawakupokea kitu kwa watu wa Mataifa, maana yake ni kwamba hawakuwatoza wala kuwaomba watu waliowahubiria. Mtu wa namna hiyo asipopata nyumba ya muumini hana pa kulala, na nyumba za kulala wageni za wakati huo hazikuwa na sifa njema. Ugumu wa jambo hili unaonekana kwa Diotrefe, anayetajwa katika waraka huohuo, ambaye hakuwapokea ndugu na aliwazuia waliotaka kuwapokea, hata akawatoa katika kanisa. Gayo alifungua mlango wake wakati kufungua mlango kulikuwa na gharama mbele ya watu wa kanisa, na nadhani huyu ni mtu anayestahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana.

Sasa, "ukiwasafirisha". Kitenzi hiki kimeundwa kwa safiri na kiambishi cha kusababisha, na maana yake ya msingi ni kumwezesha mtu asafiri. Leo tunalitumia zaidi kwa mizigo, mazao na maiti, au kwa magari yanayosafirisha abiria, ndiyo maana sikio la msomaji wetu limeshtuka. Lakini maana ya kumwandalia mtu safari haijafa. Mzazi husema kwamba amewasafirisha watoto kwenda shule, na kila anayemsikia anaelewa kwamba amewalipia nauli, amewafungia mizigo na kuwapa cha kutumia njiani, wala si kwamba amewabeba. Biblia yenyewe inaifafanua maana hiyo katika Tito 3:13, ambapo Tito anaagizwa amsafirishe Zena, mwanasheria, pamoja na Apolo, "wasipungukiwe na cho chote". Maneno hayo ya mwisho ndiyo fasili ya kitenzi: kusafirisha hapa ni kutoa masurufu ya njia yanayotosha. Paulo anaitaka huduma hiyohiyo kwa Wakorintho katika 1 Wakorintho 16:6, na kwa Warumi anapotazamia kwenda Spania.

Kitenzi cha Kigiriki kilicho nyuma ya hapo kina upana mkubwa kuliko chetu, kwa kuwa kinachukua pia tendo la kumsindikiza mtu. Ndicho kinachotumika katika Matendo 20:38, pale wazee wa Efeso walipofuatana na Paulo hadi merikebuni wakiwa na huzuni. Hapo panafaa kusindikiza, kwa sababu jambo lenyewe ni kutembea pamoja na anayeondoka. Kwa Gayo kusindikiza peke yake kungepunguza mzigo wake, maana mtu anaweza kukusindikiza hadi njia panda akiwa mikono mitupu.

Masurufu hayo yalikuwa nini, tunaweza kuyaona katika Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, maandishi ya Kikristo ya zamani sana ambayo nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873 na kuchapishwa mwaka 1883. Humo mtume apitaye anaruhusiwa kukaa siku moja, na ya pili ikilazimu. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa kumfikisha malazi yake yanayofuata, na akiomba fedha naye ni wa uongo. Sura inayofuata inasema kwamba mgeni wa kawaida akitaka kubaki afanye kazi ndipo ale, na msomaji wa Kiswahili hawezi kuyasoma hayo asiikumbuke methali ya "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Kwa hiyo katika maelezo ya somo lenu, andikeni kwamba Paulo alifikia kwa Gayo mjini Korintho, na kwamba Gayo wa Yohana aliwalaza wahubiri na kuombwa awape masurufu ya njia. Aya zenyewe zisomeni kama zilivyo, bila kubadilisha neno. Ila angalieni mnapotunga sentensi zenu, kwa maana "mwenyeji wetu wa Tanga" linaweza kueleweka kuwa ni mwenyeji wetu aliye na asili ya Tanga, au aliyetupokea tulipokuwa Tanga. Mkikusudia maana ya pili, semeni "mwenyeji wetu hapa Tanga", na utata utaondoka.